RDC: Damu ya kima wa porini hupimwa, lakini hulinganishwa na ya nani?

Kima mgonjwa hajitangazi. Porini, mnyama anayeonyesha udhaifu hupoteza nafasi yake katika kundi au huliwa. Kwa hiyo hujikaza: anakula pamoja na wenzake, anaruka matawi, mpaka siku anapoanguka. Ndiyo sababu waganga wa wanyama hutamani kupata damu yake. Chupa moja ndogo, ikifika maabara ikiwa salama, hurudi na karatasi yenye mistari 15 au 20: sukari, urea, kreatinini, albumini, kolesteroli, vimeng'enya vya ini, madini ya chumvi. Karatasi hiyo inafanana sana na ile anayopewa mtu hospitali.

Tofauti iko kwenye safu ya mwisho, ile iliyoandikwa «kawaida». Kwa binadamu, safu hiyo imejengwa kwa damu ya maelfu ya watu wazima wa afya. Kwa kima wa misitu ya Kongo, mara nyingi namba hizo zinatoka kwa wanyama walioishi ndani ya vizimba vya Ulaya na Marekani, waliolishwa chakula cha kiwandani na kupimwa na watu waliowazoea. Huyu wa msituni hajaishi hivyo hata siku moja. Lakini karatasi hiyo ndiyo inayosaidia kuamua mambo mazito: mnyama yupi arudishwe msituni, yupi abaki kizimbani maisha yake yote, yupi atibiwe na yupi aachwe.

Mitaani, kuanzia Kinshasa hadi Lubumbashi, wengi huwaita wanyama hawa wote «makako». Katika habari hii, kima ni wale wenye mkia, na nyani ni jamaa yao mkubwa wa mbuga za nyasi. Masokwe ni wale wasio na mkia: sokwe wa kawaida, bonobo na gorila, ambaye watu wa Kivu humwita ngagi. Damu zao zinapimwa kwa njia moja, na tatizo lao la «kawaida» ni moja.

Mistari ya karatasi inasema nini

Tuanze na figo. Urea na kreatinini ni takataka ambazo figo huzichuja na kuzitoa kwa mkojo. Zote mbili zikipanda kwa pamoja, ama figo zimechoka, ama mnyama amekosa maji. Urea ikipanda peke yake, huenda ni chakula tu. Kima aliyekula wadudu na mbegu zenye protini nyingi wiki nzima hatakuwa na urea sawa na yule aliyekuwa akitafuna majani. Kreatinini nayo hutoka kwenye misuli, hivyo dume pana la nyani litakuwa nayo nyingi kuliko jike jembamba, hata kama wote wawili wana figo safi.

Kwa ini, maabara hutafuta vimeng'enya viwili vinavyoandikwa ALT na AST. Makazi yake ni ndani ya seli. Vikionekana kwa wingi nje, kwenye maji ya damu, kuna seli zilizopasuka. Lakini AST inaishi pia ndani ya misuli, na kima aliyeanguka kutoka mtini anaweza kuonekana kama mgonjwa wa ini. Kimeng'enya kingine, ALP, hupanda ini likiziba, na hupanda vilevile kwa mnyama mchanga ambaye mifupa yake inakua. Mganga asiyejua umri wa mnyama aliye mbele yake anaweza kumtafutia ugonjwa mtoto mwenye afya.

Protini ndizo zenye habari nyingi zaidi kwa mnyama wa porini. Albumini, ambayo hutengenezwa na ini, hushuka kwa njaa ya muda mrefu, kwa ini bovu, kwa minyoo inayonyonya tumboni, na hata kwa mimba. Globulini, kundi ambalo askari wa kinga ya mwili wamo ndani yake, hupanda mwili unapopigana na vijidudu. Wanyama wa porini kwa kawaida huwa na globulini nyingi kuliko wenzao wa kizimbani, na hilo si la kushangaza: wanaishi na minyoo, kupe na vimelea vya damu tangu kuzaliwa. Kwenye karatasi iliyojengwa kwa wanyama wa kizimbani, namba hiyo hutiwa alama nyekundu. Msituni inaweza kuwa ndiyo afya yenyewe.

Kuna jambo moja ambalo wasomaji wa nchi iliyopigwa na Ebola na mpox wanapaswa kulishika. Kemia ya damu haitaji jina la ugonjwa. Inaonyesha kiungo gani kinateseka na mwili umechoka kiasi gani, basi. Ili kujua kama ni virusi, bakteria au sumu, vinahitajika vipimo vingine kabisa. Anayesikia kwamba «damu ya kima imekutwa na kasoro» hajasikia bado habari ya mlipuko.

Mkono unaochukua damu hubadilisha damu

Kabla ya kufika kwenye swali la «kawaida», kuna mtego wa kwanza. Kima wa porini hanyooshi mkono. Anakamatwa kwa mtego wa tundu au wavu, au anapigwa sindano ya usingizi kwa bunduki au mrija wa kupuliza. Kila njia kati ya hizo huacha alama kwenye damu yenyewe.

Mnyama aliyefukuzwa na kuogopeshwa humwaga homoni za hofu, na sukari yake hupanda ndani ya dakika chache. Aliyehangaika ndani ya mtego kwa saa nzima huumiza misuli, na kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK hupanda sana, wakati mwingine kikifuatana na AST. Dawa ya usingizi nayo ina mchango wake. Medetomidini, ambayo huchanganywa mara nyingi na ketamini kwa kuwalaza wanyama wa porini, huzuia kongosho kutoa insulini, na kwa wanyama wengi sukari hupanda. Mganga anaweza kusoma kisukari mahali ambapo kuna dawa aliyoitoa yeye mwenyewe.

Halafu kuna saa za njiani. Damu ikiwa ndani ya chupa bado ni hai. Chembe nyekundu zinaendelea kula sukari: kwa damu ya binadamu iliyoachwa kwenye joto la chumba bila kutenganishwa, sukari hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Pikipiki ikitumia saa 4 kutoka ukingoni mwa msitu hadi penye mashine ya kuzungusha damu, karibu moja ya tano au robo ya sukari imekwisha kuliwa. Chembe zikipasuka kwa mitikisiko ya barabara, potasiamu iliyokuwa ndani yake humwagika nje. Karatasi itaonyesha mnyama mwenye sukari kidogo na potasiamu nyingi mno, picha ya kiumbe anayekaribia kufa, wakati mwenyewe amekwisha amka na yuko juu ya mti akila matunda.

Kwamba mtego huu unaweza kuepukwa, kuna mfano maarufu wa Afrika Mashariki. Mtafiti wa Marekani Robert Sapolsky alianza mwaka 1978 kufuatilia nyani wa Masai Mara, nchini Kenya, akitaka kujua homoni ya mkazo iitwayo kotisoli. Kwa kuwa kotisoli hupanda mnyama anaposhtuka, ilimbidi awapige sindano kwa mrija wa kupuliza bila wao kujua, wakiwa wamemgeuzia mgongo, asubuhi kwa saa zilezile, na damu ichukuliwe haraka baada ya mnyama kulala. Nyani aliyekuwa mgonjwa au aliyetoka kupigana hakuguswa siku hiyo.

Kwa uangalifu huo, namba zake zilisema jambo. Pale ambapo ngazi ya vyeo ndani ya kundi ilikuwa imetulia, madume ya chini yalikuwa na kotisoli nyingi zaidi ya wakubwa wao wakati wa utulivu, na kolesteroli nzuri, ile inayolinda mishipa, kidogo zaidi. Vyeo vilipovurugika, mambo yaligeuka na wakubwa ndio walioteseka. Damu ileile, ikichukuliwa na mtu mwenye pupa baada ya kumkimbiza mnyama nusu saa, isingeonyesha kitu zaidi ya hofu ya kukimbizwa.

Nani ni «kawaida»?

Kanuni za maabara za kimataifa zinapendekeza wanyama wasiopungua 120 wenye afya ili kujenga kipimo cha kawaida kwa njia inayoaminika zaidi. Namba zao hupangwa kutoka ya chini hadi ya juu, kisha huchukuliwa asilimia 95 za katikati. Maana yake ni kwamba, kwa kila mstari wa karatasi, mnyama 1 kati ya 20 wenye afya ataangukia nje ya mipaka kwa bahati tu. Karatasi ikiwa na mistari 20, na kama mistari hiyo ingekuwa haitegemeani, mnyama mzima kabisa ana uwezekano wa asilimia 64 wa kupata angalau alama nyekundu moja. Hesabu hiyo pekee ingetosha kumfanya mtu asiamue jambo kwa mstari mmoja.

Na hao 120 watatoka wapi? Lesula, kima wa msitu wa Lomami katikati ya Kongo, alielezwa kisayansi mwaka 2012 tu, ingawa wawindaji wa huko walimjua na kumla siku zote. Hakuna mwenye akili timamu atakayependekeza kukamata lesula 120 ili kujaza safu ya karatasi. Kuwalaza kima wanaoishi juu ya miti kuna hatari yake: anayelala akiwa mita 20 juu huanguka, na si kila mara wavu wa chini humdaka. Kwa hiyo mganga hukopa. Huchukua namba za jamaa wa karibu, au za kizimba cha mbali, na kuomba Mungu zifanane.

Ni kiasi gani kukopa huku kunaweza kupotosha? Jibu liko Amboseli, chini ya mlima Kilimanjaro upande wa Kenya, ambapo nyani wamefuatiliwa tangu mwaka 1971 katika kazi iliyoanzishwa na Jeanne na Stuart Altmann. Kundi moja la nyani liliacha kuhangaika porini na kuhamia kwenye jalala la hoteli ya watalii. Lilikuwa likiamka kwa kuchelewa, likitembea kidogo na kula mabaki ya jikoni. Majirani zake waliendelea kuchimba mizizi na kutafuta mbegu kutwa nzima.

Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1993 vilionyesha kwamba majike ya jalalani yalikuwa na mafuta mwilini karibu asilimia 23, wakati ya porini yalikuwa na asilimia 2 hivi. Mwaka 2002 ikafuata kazi ya damu, ambayo Mkenya Philip Muruthi alikuwa miongoni mwa waandishi wake: nyani wa jalalani walikuwa na insulini na kolesteroli za juu kuliko wa porini, na baadhi yao walielekea kwenye hali ambayo kwa binadamu huitwa mwanzo wa kisukari.

Sasa mganga apewe karatasi mbili bila majina. Kipimo chake kikitoka kwa wanyama wa kizimbani, wanaokula vizuri na kutembea kidogo, nyani wa jalalani ataonekana karibu na kawaida. Nyani wa porini, mwembamba, mwenye kolesteroli ya chini na globulini ya juu, ataonekana ana utapiamlo na maambukizi. Mganga atamtibu aliye mzima na kumwacha anayeugua. Wale waliozoea kusema kwamba namba hazidanganyi waitazame Amboseli kwa makini.

Lwiro, Rumangabo, Basankusu

Nchini Kongo swali hili linakutana na watu wanaolazimika kuamua. Kituo cha Lwiro, katika eneo la Kabare, Kivu Kusini, kilianzishwa mwaka 2002 na taasisi ya hifadhi ICCN pamoja na kituo cha utafiti wa sayansi CRSN, karibu na mbuga ya Kahuzi-Biega. Hupokea sokwe na kima walionyang'anywa mikononi mwa wafanyabiashara na wawindaji, wengi wao wakiwa watoto ambao mama zao waliuawa kwa ajili ya nyama ya pori. Lola ya Bonobo, iliyoanzishwa na Claudine André, inafanya kazi hiyo kwa bonobo nje kidogo ya Kinshasa. Lubumbashi kuna kituo cha JACK, na Rumangabo, ndani ya Virunga, kuna Senkwekwe kwa ajili ya gorila yatima.

Kwa vituo hivi, uamuzi mgumu kuliko yote ni wa kurudisha mnyama msituni. Lola ilianza mwaka 2009 kupeleka bonobo kwenye msitu wa Ekolo ya Bonobo, upande wa Basankusu, katika jimbo la Équateur. Miongozo ya shirika la kimataifa la hifadhi, IUCN, inadai kila mnyama achunguzwe afya kabla ya kuachiliwa, kwa sababu bonobo aliyekaa miaka kati ya watu anaweza kubeba kifua kikuu au ugonjwa mwingine na kuwapelekea wenzake wa porini. Kemia ya damu ni sehemu tu ya uchunguzi huo, lakini ni sehemu inayoonyesha kama ini na figo vinafanya kazi na kama mwili una akiba ya kuvumilia miezi ya kwanza ya kujitafutia chakula. Kosa linaweza kwenda pande zote mbili. Hofu isiyo na msingi itamfunga mnyama mzima kizimbani kwa miaka 30 au 40. Faraja isiyo na msingi inaweza kuua wengi msituni.

Kwa gorila wa milimani hali ni tofauti kidogo. Madaktari wa Gorilla Doctors, kazi iliyoanza Rwanda mwaka 1986 na ambayo leo inafika Kongo na Uganda, huingilia kati pale tu ugonjwa au jeraha linapotishia uhai au limesababishwa na binadamu, kama mtego wa waya mguuni. Mnyama akilazwa ili kuondolewa waya, damu huchukuliwa papo hapo, maana nafasi nyingine huenda isipatikane. Sensa ya mwisho ilihesabu gorila 1063 wa aina hiyo duniani. Kila chupa inayoharibika njiani ni hasara isiyorudishika upesi.

Na njia zenyewe, kila mkaaji wa Kivu anazijua. Mashine ndogo za kupima damu, zinazobebeka mkononi na kuhitaji matone machache tu, zimesaidia sana mahali pengi. Lakini vifurushi vya kemikali vinavyotumika ndani yake huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Bila frigo ya uhakika, mashine inabaki kuwa sanduku. Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wake wa ndege ulifungwa. Katikati ya Februari ilifuata Kavumu, uwanja wa ndege ulio jirani kabisa na Lwiro, kisha Bukavu. Sampuli inayotakiwa kufika kwenye baridi ndani ya siku moja haiwezi kusubiri mazungumzo ya kisiasa.

Kuna pia mpaka wa makaratasi. Kima na masokwe wote wako chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe, CITES, na kwa macho ya mkataba huo tone la damu ni kama mnyama mwenyewe: halivuki mpaka bila kibali. Sheria hiyo ina sababu nzuri, kwa maana inawalinda wanyama dhidi ya wafanyabiashara. Hata hivyo hainingojei kimeng'enya kinachoharibika kwa saa. Hoja ya kwamba kila kitu kipimwe Ulaya, ambayo bado inasikika, inaanguka hapo.

Mkojo chini ya mti

Ugumu huu wote umewasukuma watafiti wengi kutafuta habari ileile bila kumgusa mnyama. LuiKotale, karibu na mbuga ya Salonga, bonobo wanapoamka asubuhi kwenye viota vyao hukojoa kabla ya kuondoka. Watafiti waliosimama chini hukusanya matone yaliyoangukia kwenye majani. Ndani ya mkojo huo hupimwa C-peptidi, kipande kinachobaki mwili unapotengeneza insulini. Ikiwa nyingi, mnyama amekula na ana nguvu ya akiba. Ikipungua, anaishi kwa taabu. Hupimwa pia neopterini, inayopanda kinga ya mwili inapoamka, hata kabla mnyama hajakohoa.

Huko Borneo, Indonesia, kazi ya mwaka 1998 ilitumia karatasi za kawaida za kupimia mkojo, zile zile za dispansari, kuonyesha kwamba orangutani walichoma mafuta ya miili yao matunda yalipoadimika. Gombe, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kinyesi na mkojo vilitosha kugundua kwamba sokwe walioambukizwa virusi vya SIV, jamaa wa virusi vya UKIMWI, walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri wao. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba virusi hivyo haviwadhuru.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba damu imepitwa na wakati. Haijapitwa. Mkojo husema kidogo sana juu ya ini, na hausemi lolote la maana juu ya albumini au globulini za damu. Lazima urekebishwe kulingana na wingi wa maji, maana mnyama aliyekunywa sana hutoa mkojo mwepesi. Neopterini huharibiwa na mwanga. Sampuli nyingi bado zinahitaji kugandishwa, kwa hiyo tatizo la baridi linabaki palepale.

Lililo zito zaidi ni kwamba mkojo huhitaji mnyama aliyezoea watu na anayejulikana kwa sura. Kumzoesha huchukua miaka, na kumzoesha kwenyewe kunaleta magonjwa. Mwaka 2009, nchini Rwanda, virusi vya njia ya hewa vya binadamu viliua gorila wa milimani. Mwaka 2015, hapohapo LuiKotale, bonobo waliugua, na kwenye kinyesi chao vikakutwa virusi vya RSV, vinavyosumbua watoto wachanga wa binadamu, pamoja na bakteria wa nimonia. Wale waliokuja kupima afya wanaweza kuwa ndio waliobeba mafua. Ndiyo maana ya barakoa na umbali ambavyo watalii hulalamikia Virunga.

Upande wa binadamu

Basankusu ni jina linalorudi. Mwaka 1970, mtoto wa kiume wa miezi 9 wa eneo hilo alikuwa mtu wa kwanza duniani kutambuliwa na ugonjwa ambao sasa unaitwa mpox. Zamani uliitwa ndui ya nyani, kwa sababu virusi vyake vilionekana mara ya kwanza mwaka 1958 kwa kima wa maabara huko Denmark. Jina hilo liliwaonea. Wanasayansi wengi huwashuku zaidi panya na kindi wa misituni. Mwaka 1985 virusi vilipatikana kwa kindi nchini Kongo. Kima na sokwe hupatwa kama sisi.

Na kwa kuwa hupatwa kama sisi, afya yao ina habari kwa ajili yetu. Kundi la kima ambalo albumini zao zinashuka msimu baada ya msimu linaweza kuwa linasema kwamba matunda yamepungua, kwamba mashamba na makaa vimekula msitu, kwamba sumu ya machimbo imeingia mtoni. Lakini ili ushuke huo uonekane, lazima kuwe na namba za jana. Damu ya siku moja haionyeshi kushuka.

Hapo ndipo vituo vya Kongo vina kitu ambacho vizimba vya Ulaya havina. Mnyama wa Lwiro au Lola huishi miaka mingi mahali pamoja, akipata jua, vimelea na sehemu ya vyakula vya nchi yake, na hulazwa kila anapofanyiwa uchunguzi au kuumia. Akipimwa leo na baada ya mwaka, anakuwa kipimo chake mwenyewe: kreatinini iliyoongezeka mara mbili ni onyo, hata kama bado iko ndani ya mipaka ya karatasi ya kigeni. Si mnyama wa porini kamili, kwa sababu analishwa, na namba zake haziwezi kuhamishiwa msituni bila tahadhari. Ila yuko karibu zaidi na kima wa Kahuzi-Biega kuliko yule wa kizimba cha Ulaya.

Kinachotakiwa ili namba hizo zitumike na wengine si ghali: kuandika saa ya kukamatwa, njia iliyotumika, dawa na kipimo chake, dakika zilizopita kabla ya damu kuchukuliwa na kabla ya kutenganishwa, umri, jinsia, mimba, na aina ya mashine. Bila maelezo hayo, namba 120 ni rundo la namba tu, na mtu wa pili hawezi kuziunganisha na zake.

Lubumbashi ina faida ambayo haijatumika vya kutosha. Chuo kikuu cha huko, UNILU, kina kitivo cha tiba ya wanyama, na kituo cha JACK, chenye sokwe na kima wa Kongo, kiko mji huohuo. Mwanafunzi anayetafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo hana haja ya ndege wala kibali cha CITES ili kuanza kujenga safu ya «kawaida» ya kima mmoja wa nchi yake. Anahitaji ruhusa ya kituo, daftari, mashine ya kuzungusha damu, na kuwapo siku ambayo mnyama analazwa kwa sababu nyingine.